Somo: Kupika vuli ya China bila nyama

Wengi mmeniomba somo la kupika kwa kufuata majira, kama tiba asilia ya Kichina inavyoelekeza, na bila nyama. Tukiyabeba majira yote kwa mkupuo tutachoka, kwa hiyo leo tunapika vuli, na mengine nitayagusa mwishoni. Tuelewane mapema: vuli ya China haina uhusiano na mvua zetu za vuli. Kalenda yao ya jadi inaugawa mwaka vipindi 24 kwa kufuata jua. Vuli huingia na Liqiu, tarehe 7 au 8 Agosti, na hutoka na Lidong, tarehe 7 au 8 Novemba. Waliotunga kalenda hiyo waliishi bonde la Mto Manjano, kaskazini, ambako ikifika Oktoba hewa imekauka kabisa: midomo inapasuka, koo linakereketa, choo kinakuwa kigumu. Ukavu huo ndio tunaopambana nao leo.

Hatua ya 1: Zijue tabia za vyakula

Vyakula vimepangwa kwa tabia nne: vya moto, vya uvuguvugu, vya ubaridi kidogo na vya baridi. Katikati kuna vya wastani, visivyoegemea popote. Tabia hii haina habari na friji. Tikiti maji lililoshinda juani bado ni la baridi, na tangawizi iliyolala kwenye friji bado ni ya uvuguvugu. Watu wa pwani hamtashangaa, maana bibi zetu nao wana vyakula vya joto na vya baridi, elimu iliyokuja na matabibu wa Kiarabu ambao nao waliichota kwa Wayunani. Ila orodha ya bibi na orodha ya Wachina hazikubaliani kila mahali, basi msizichanganye.

Mchele, karoti, kabichi, viazi vitamu na karanga ni vya wastani, na ndivyo vya kujaza sahani. Boga, kitunguu, giligilani na tangawizi mbichi ni vya uvuguvugu. Pilipili manga na pilipili kali ni moto. Tofu (jibini la maharage ya soya), mchicha, tango na peasi vina ubaridi kidogo. Karela na tikiti maji ni baridi kweli kweli.

Hatua ya 2: Punguza ukali, ongeza uchachu

Hapa ndipo wengi hupotea. Kila majira yamepewa kiungo cha mwili, rangi na ladha. Vuli ni ya mapafu na utumbo mpana, rangi yake nyeupe, ladha yake ukali, ule wa tangawizi, vitunguu na pilipili. Mtu akiusoma mpangilio huo anakimbilia kumwaga pilipili. Kumbe ushauri wa jadi ni kinyume chake: vuli ladha kali inapunguzwa na chachu inaongezwa. Wanasema ukali hufungua vinyweleo na kutawanya maji ya mwili, wakati hewa tayari inayanyonya. Uchachu huyakusanya na kuyazuia yasitoke. Kwa hiyo siki, limau na matunda yenye ugwadu huingia jikoni, na tangawizi inabaki kipande kidogo cha kuondoa ubaridi wa mboga.

Rangi nyeupe ndiyo inayoongoza kapu la sokoni: peasi, mzizi wa yungiyungi, kiazi kikuu cha Kichina kiitwacho shanyao, ufuta mweupe, na uyoga mweupe uitwao yin'er.

Hatua ya 3: Sufuria ya yin'er na peasi

Hiki ndicho kitovu cha somo, kwa hiyo msikiharakishe. Chukua yin'er kavu gramu 15, kama ngumi ya mtoto. Chagua wenye rangi ya maziwa yaliyochujuka; mweupe wa kung'aa kama karatasi huenda umefukizwa moshi wa salfa, na ukiunusa utakuwasha pua. Loweka kwenye maji baridi saa moja hadi mbili. Utafura hadi ujaze bakuli. Ugeuze, ukate kile kitako kigumu cha manjano, utupe.

Sasa uchane kwa vidole vipande vidogo sana, kama ukucha. Uvivu wa hatua hii ndio unaozaa supu nyepesi yenye vipande vinavyoelea kama plastiki, kwa sababu utelezi unatoka kwenye kingo, na vipande vikiwa vidogo kingo zinaongezeka. Weka kwenye lita moja na nusu ya maji, chemsha, punguza moto, funika ukiacha upenyo mdogo. Kaa karibu, inapenda kufurika. Baada ya saa moja na robo hivi, inua upawa: matone yakianguka taratibu, mazito, yakivutana kama uzi, umeiva.

Tia peasi mbili zilizokatwa vipande na kunazi nyekundu sita zilizotolewa kokwa. Hizo wengi huziita tende za Kichina, lakini ni ndugu wa kunazi zetu hizi hizi. Acha nusu saa. Weka sukari ya mabonge, gramu 40 zinatosha, na dakika tano kabla ya kuepua tupia kijiko cha chakula cha goji, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa. Goji zikikaa sana zinapasuka na kuleta uchachu usiotakiwa humo. Huliwa vuguvugu.

Hatua ya 4: Yungiyungi kwa siki

Mzizi wa yungiyungi unavunwa kwa wingi vuli, na mkoa wa Hubei ndio wenye sifa. Wauzaji watakwambia uhesabu matundu: wenye matundu tisa ni wa kukaanga, unavunjika kwa mlio, wa matundu saba una wanga mwingi, ni wa supu. Menya, kata vipande vyembamba, tumbukiza kwenye maji yenye siki kidogo usigeuke mweusi. Karai la chuma litautia weusi, tumia la chuma kisichoshika kutu. Mafuta kidogo, tangawizi kipande kimoja, moto mkali, dakika mbili au tatu, halafu siki ya mchele vijiko viwili, chumvi, na ufuta mweupe uliokaangwa.

Kuna jambo la kupendeza hapa: mzizi huu mbichi unahesabiwa wa baridi, ukipikwa unahamia uvuguvugu. Jiko lenyewe linabadilisha tabia ya chakula.

Hatua ya 5: Uji wa mchele na shanyao

Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe kumi vya maji, saa moja kwa moto mdogo. Nusu saa ya mwisho tia shanyao iliyokatwa. Vaa glavu unapoimenya, ute wake unawasha mikono vibaya. Ile nyembamba ya Jiaozuo, mkoani Henan, ni ghali lakini ndiyo tamu.

Majira mengine, kwa ufupi

Masika yao, yaani majira ya kuchipua, ni ya ini: majani machanga, uchachu unapunguzwa, utamu wa asili unaongezwa. Kiangazi ni supu ya choroko. Kwa kupoza mwili chemsha dakika kama kumi tu, unywe maji yake ya kijani kabla choroko hazijapasuka. Kipindi cha joto na unyevu wanapika nafaka iitwayo yiyi na maharage mekundu madogo. Majira ya baridi ni ya figo na rangi nyeusi: maharage meusi, ufuta mweusi, jozi, na uji wa Laba wa nafaka na kunde mbalimbali, unaopikwa siku ya 8 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao ya mwezi mwandamo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Niko Mombasa, Novemba hii mvua hainyamazi. Nipike sufuria ya peasi?*

Marahaba mdogo wangu. Usiipike. Sufuria ile ni ya kulainisha pakavu, na kwako nguo haikauki kambani. Kwa unyevu wa namna hiyo Mchina angekupa maharage mekundu, boga na tangawizi kwa wingi, na angekukataza sukari na vitu vya utelezi. Tazama hewa ya nje, tarehe iache. Ila aliyeko Njombe au Lushoto mwezi Julai, kwenye baridi kavu, huyo aipike, na aongeze tangawizi.

*Ninatoka kazini saa kumi na mbili. Naweza kuloweka yin'er asubuhi, au usiku kucha?*

Nje ya friji, hapana, na hili silifanyii mzaha. Uyoga mkavu ukilowekwa muda mrefu kwenye joto unaweza kuota bakteria wanaotengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo sumu iliyokutwa kwenye pombe ya kienyeji iliyoua watu 75 Chitima, Msumbiji, Januari 2015. Ile ilitokana na unga wa mahindi ulioharibika. Loweka ukifika nyumbani, saa moja inatosha. Ukiukuta unanata na umelegea kabla ya kupikwa, tupa.

*Mama ana kisukari, na baba anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Wanaweza kula?*

Kwa mama, acha sukari kabisa na upunguze kunazi, maana nazo ni sukari tupu. Peasi moja inatosha sufuria nzima. Kwa baba, ondoa goji: kuna wagonjwa walioandikwa na madaktari kwamba damu yao ilizidi kuwa nyepesi walipochanganya goji na warfarin. Na wote wawili dawa zao ziendelee kama walivyoandikiwa, chakula hiki hakichukui nafasi ya kidonge hata kimoja.

*Dada, kwa heshima: kuna ushahidi gani kwamba rangi nyeupe inasaidia mapafu?*

Kwa rangi kama rangi, sina wa kukupa. Na “mapafu” ya tiba hii si yale ya picha ya eksirei tu. Yanabeba ngozi, pua, jasho na hata huzuni. Mimi nauchukulia mfumo huu kama utaratibu wa jikoni: unanilazimisha kula kilicho sokoni msimu huo na kubadilisha mboga. Mwenye kikohozi cha wiki tatu aende hospitali.

*Bila nyama, nguvu itatoka wapi?*

Tofu, maharage, karanga na ufuta vinatosha kwa protini ukila kila siku. Tatizo ni vitamini B12, mimea haina ya kutegemewa. Kula mayai na maziwa, au nunua vidonge.

*Shikamoo. Ninasoma Wuhan. Kantini wanasema chakula hakina nyama, halafu naikuta ndani.*

Marahaba. Tofu ya mapo kwa kawaida ina nyama ya kusaga, na maharage machanga ya maganda yaliyokaangwa bila mchuzi mara nyingi vilevile. Mboga za majani nazo hupigwa kwa mafuta ya nguruwe au sosi ya chaza, kwa hiyo kusema “sitaki nyama” hakutoshi. Sema “wo chi su”, yaani nala chakula kisicho na nyama, kisha taja mafuta na sosi. Jijini kwenu tafuta migahawa ya karibu na mahekalu ya Kibudha. Mfalme Wu wa nasaba ya Liang aliwasukuma watawa waache nyama tangu karne ya 6, wamepata muda wa kuyajua mapishi hayo. Ila huko hutapata kitunguu saumu wala vitunguu, wamevikataza pia. Ukivitaka, kapike mwenyewe bwenini.