Kuchagua kazi wakati mwenzako yuko ng'ambo ya mpaka: mwongozo kwa walioko Mwanza

Kabla ya kujaza fomu ya chuo au kuomba ajira, kaeni wawili mkubaliane jambo moja: nani atahama, na lini. Si lazima liwe neno la mwisho. Inatosha kuandika kwenye daftari, "Tutaishi Mwanza," au "Tutaishi Kisumu," au "Kila mmoja abaki kwao miaka miwili, kisha tutazame upya." Mkiliacha hewani, kila mmoja huchagua fani akidhani mwenzake ndiye atakayefungasha. Mnakuja kushtuka wote wawili mmeshaajiriwa, kila mtu na mkataba wake.

Hapa tumechukua mfano wa Mwanza na Kisumu. Kwa mwenye mchumba Kampala hatua ni zilezile, ila mabaraza yanayosajili wanataaluma ni mengine na mpaka ni Mutukula.

Jambo la pili ni leseni. Watu huuliza kama shahada ya vyuo vya Mwanza, kama SAUT au Bugando, inatambulika Kenya. Ulizia zaidi usajili wa kitaaluma, maana ndio unaokupa ruhusa ya kuifanya kazi yenyewe. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna makubaliano ya kutambuliana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Kama bado uko njia panda na mojawapo ya hizo inakuvutia, ipe uzito mkubwa.

Lakini makubaliano hayo humfaa aliyekamilisha usajili kwao. Chukua mhandisi. Akitoka chuo husajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu katika mpango wa mafunzo kazini wa SEAP ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Akihama mwaka wa pili kwa sababu ya mapenzi, anafika Kisumu akiwa mhitimu tu, na mlango uliowekwa kwa ajili yake haumfungukii. Mhasibu naye amalize kwanza CPA, mitihani ya kitaaluma ya bodi ya wahasibu, NBAA. Kwa hiyo tarehe ya kuhama ipangwe baada ya usajili, hata kama ni kusubiri mwaka mmoja zaidi. Kusubiri huko kunauma, lakini kunalipa.

Muuguzi huomba upya kwenye baraza la Kenya, na kwa kawaida baraza la kwao hutakiwa kuthibitisha usajili wake. Anza miezi mingi kabla. Mwalimu wa shule huko husajiliwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya. Mwanasheria ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, kwani sheria za ardhi, ndoa na kodi alizosoma ni za Tanzania.

Kosa linalotugharimu wengi ni kudhani leseni au cheti cha ndoa kinatosha kufanya kazi. Havitoshi. Kibali cha kazi ni karatasi nyingine kabisa, na muhuri wa mgeni unaogongewa mpakani, Sirari au Isebania, hauruhusu kuajiriwa. Hata pasi ya mtegemezi, anayopewa mume au mke wa mwenye kibali, haimruhusu kufanya kazi.

Kama ni mwenzako anayekuja Mwanza, someni hili kwa makini. Kwa sheria ya 2015, mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kibali cha kazi, na kibali hutolewa kwa miezi 24. Huongezwa, lakini jumla ya miaka ina kikomo, na mwajiri hutakiwa kuonyesha mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo. Maana yake ajira ya mgeni imewekewa mwisho tangu siku ya kwanza. Juu ya kibali hicho kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja B kwa mwajiriwa.

"Basi afungue saluni," watu husema. Agizo la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo: saluni isiyo ya hotelini au ya utalii, ufundi wa simu, uwakala wa fedha za simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani. Msilipie fremu kabla ya kumwona afisa biashara wa halmashauri. Kubadili uraia nako si njia ya mkato. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu, na aliyeoana na Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, ila Mtanzania akiuchukua anapoteza wake, pamoja na haki ya raia ya kumiliki ardhi.

Kwa kipindi mtakachokuwa mbalimbali, usiangalie mshahara peke yake. Angalia ratiba. Basi la Nyamhongolo kupitia Bunda na Tarime hadi Sirari, kisha gari la upande wa pili hadi Kisumu, hula karibu siku nzima. Mwenye Jumapili moja ya mapumziko haendi popote. Kazi ya zamu inayolimbikiza siku za mapumziko, kama baadhi ya kazi za mgodini Geita, inaweza kuwafaa kuliko ofisi ya Jumatatu hadi Jumamosi yenye mshahara mkubwa kidogo. Likizo ya mwaka Tanzania ni siku 28 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Kenya ni siku 21 za kazi. Zinakaribiana, lakini mwajiri ndiye anayepanga tarehe, na kwetu asiyetimiza miezi sita kazini bado hana haki ya likizo hiyo. Ulizeni kwenye usaili, kabla ya kusaini.

Kuna na pesa za baadaye. Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka michango ya miezi 180, na miezi uliyochangia Mwanza haiungani na ya NSSF ya Kenya. Aliyebakiza miaka miwili kufika hapo afikirie mara mbili. Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB nao haufi ukivuka mpaka. Mwajiriwa wa hapa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, ila ukihama hakuna mwajiri wa kukukatia, kwa hiyo panga mwenyewe namna ya kulipa kila mwezi.

Ukishaamua, omba nakala rasmi za matokeo chuoni na barua ya uthibitisho wa baraza lako ukiwa bado Mwanza. Kuzifuatilia kwa simu kutoka Kisumu huchukua muda mrefu, na kwa kawaida utalazimika kumtuma ndugu akazipangie foleni kwa niaba yako.