Jinsi ya kuwaelewesha watoto kijito, kuanzia uwanjani kwenu (mfano wa Morogoro)

Ukitaka mtoto aelewe kijito usikimbilie kumpeleka mtoni, subiri mvua inyeshe, simameni barazani halafu muulize haya maji ya bati yakitoka hapa yanaenda wapi? Yanaingia mtaroni, mtaro unashuka, mwisho yanakuta kijito. Akishaona hivyo amepata jambo kubwa, kwamba uwanja wenu nao ni sehemu ya kijito, na kila kilichotupwa uwanjani kinakifuata.

Sisi wa Morogoro tuna bahati kwa kweli. Mvua inanyesha milima ya Uluguru, vijito vinateremka vinakuwa Mto Morogoro unaokatiza mjini, ule unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inamwaga bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Njiani huko Ruvu ndo inachotwa maji ya Dar, kwahiyo kama ana shangazi Dar mwambie shangazi anaweza kuwa anapikia maji yaliyopita hapa, watoto wanaipenda sana hiyo.

Sasa jaribio, na hapa msiharakishe. Tafuta madumu mawili ya lita 5, yalaze, kata ubavu wa juu, jaza udongo ila acha mdomo wazi. Moja weka pande la nyasi na mizizi yake, lingine liwe udongo mtupu. Yainamishe kidogo midomo ichungulie chini, kila mdomo na kikombe chake, halafu mwagilia kwa kopo lililotobolewa, maji sawasawa kote. Kwenye udongo mtupu yatatoka haraka na matope, kwenye nyasi yatachelewa na yatakuwa masafi zaidi. Waache wabishane wenyewe kwa nini kabla hujawaambia kwamba nyasi zinavunja nguvu ya matone, mizizi inashika udongo, na maji yanapata muda wa kuzama ardhini. Hayo yaliyozama ndo yanatoka taratibu kwenye chemchemi wakati wa kiangazi, ndo maana msitu ukikatwa kule juu kijito kinaweza kufurika masika na kukauka baadaye.

Siku ya kwenda kijitoni beba chupa mbili zinazoonyesha ndani, chota moja kijito kabla hakijafika mashambani na nyingine kikishayapita, ziache zitulie mlinganishe matope. Geuzeni mawe ya ukingoni muone kaa na wadudu, halafu myarudishe kama yalivyokuwa maana hizo ni nyumba za watu wengine. Kisha wapime mita 60 toka ukingoni, maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya hapo, waandike wanachokiona, bustani za mboga, vibanda, takataka, chochote. Msiwagombeze wakulima, waulizeni kwa adabu.

Usalama jamani. Maji yaliyotuama au yanayoenda polepole yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, mtoto asiingie miguu mitupu, na hata buti fupi hazisaidii maji yakiingia ndani, bora wachote wakiwa ukingoni kwa kopo lenye mpini mrefu. Na tazameni milimani kwanza, mjini panaweza kuwa na jua kali huku juu inanyesha, maji yakibadilika rangi ghafla au kuanza kuleta majani na vijiti toeni watoto wote, vyombo viacheni hapohapo.