Ukienda mgahawa wa Kichina, uliza mpishi anatoka jimbo gani

Kabla hujafungua menyu, uliza mpishi ni wa jimbo gani, kisha agiza chakula cha kwao. Akiwa wa Sichuan, chukua mapo tofu: tofu laini, nyama ya kusaga, pilipili, na punje za kiungo kiitwacho huajiao zinazotia ganzi midomo na ulimi. Ganzi hiyo ni ya kawaida kabisa, usishtuke. Ukiletewa laziji, yaani vipande vya kuku wa kukaanga vilivyofukiwa kwenye rundo la pilipili kavu, chagua kuku tu. Zile pilipili ni za kutoa harufu na ladha, huachwa sahanini.

Kama pilipili huziwezi, mtafute mpishi wa Guangdong. Samaki mzima hupikwa kwa mvuke dakika chache, hupambwa kwa tangawizi na vitunguu majani vilivyokatwa nyembamba, kisha humwagiwa mafuta ya moto na mchuzi wa soya. Samaki aliyeanza kuharibika hafichiki hapo, ndiyo maana nakipenda sana chakula hiki.

Wapishi wa jimbo la Hunan nao wanapenda ukali, ila ganzi si kawaida yao. Na kama huli nguruwe, sema mapema: nyama ya mapo tofu huwa ya ng'ombe au ya nguruwe.