Kuendeleza Nasaba Uliyoiacha Katika Programu ya Gramps

Kazi ya kukusanya nasaba mara chache hufanywa kwa mfululizo. Mtu huianza kwa bidii wakati wa likizo, au baada ya msiba uliowakutanisha ndugu, akaingiza majina mengi, kisha shughuli zikamzidi na faili likakaa miezi au hata miaka bila kufunguliwa. Anaporudi, hamu humsukuma aanze mara moja kuongeza majina mapya, na hapo ndipo nasaba nyingi huharibika: mtu mmoja huingizwa mara mbili, na swali lililokwisha kujibiwa huulizwa upya kwa mzee aliyekwisha kuchoka. Maelezo haya yanahusu Gramps, programu huria isiyolipiwa inayotumika katika Linux, Windows na Mac, ingawa utaratibu wenyewe unafaa pia kwa programu nyingine za nasaba.

Kabla ya lolote, tengeneza nakala ya akiba. Chagua faili la aina ya .gpkg, kwa kuwa hubeba kumbukumbu pamoja na picha na sauti ulizoziambatisha, ilhali faili la .gramps hubeba kumbukumbu peke yake. Hatua hii ni ya lazima zaidi ikiwa unakusudia kusakinisha toleo jipya la programu. Toleo jipya likikuta mti (yaani faili la nasaba) uliotengenezwa zamani huomba ruhusa ya kuugeuza uendane nalo, na ukishageuzwa, toleo la zamani haliwezi kuufungua tena. Kwa hiyo nakala itengenezwe kwa toleo ulilozoea, ihifadhiwe kwenye flashi, ndipo usakinishe.

Baada ya hapo usibadilishe chochote kwanza. Fungua orodha ya watu na utafute safu inayoonyesha tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Kama haimo, iongeze kupitia mipangilio ya safu, kisha bofya kichwa chake hadi orodha ijipange kuanzia kumbukumbu iliyoguswa karibuni zaidi. Majina yatakayotokea juu ndiyo uliyokuwa ukiyashughulikia ulipoacha. Fanya vivyo hivyo katika orodha ya matukio, ya vyanzo na ya maandishi. Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu zana za kukagua na kurekebisha kumbukumbu, ambazo wengi hukimbilia kuzitumia mwanzoni, hubadilisha pia tarehe za kumbukumbu zinazozirekebisha, na zikishapita hutaweza tena kutofautisha kazi yako ya mwisho na marekebisho ya mashine. Kila jina ambalo kazi yake haijakamilika liwekee alamisho, ili uweze kulirudia bila kulitafuta upya.

Sasa soma kadi za watu hao moja baada ya nyingine, ukianza na majina. Programu nyingi za nasaba zimejengwa juu ya desturi ya jina la ukoo linalorithiwa bila kubadilika, ilhali kwa Waswahili na Watanzania wengi jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Tuseme uliwahi kumwingiza Salim Juma, na jina la Juma ukaliweka mahali pa jina la ukoo. Mwanawe, Khamis Salim, ataorodheshwa chini ya Salim, mbali kabisa na baba yake. Ukirudi baada ya mwaka mmoja na kumtafuta Khamis miongoni mwa akina Juma, hutamwona, na utamwingiza upya ukidhani ulimsahau. Gramps hukuwezesha kutaja asili ya jina, na miongoni mwa chaguo zake lipo la jina litokanalo na baba. Litumie, na uliandike jina la babu palipo na nafasi. Majina ya heshima kama Mama Khamis au Bi Mkubwa yaandikwe kuwa majina mengine ya mtu huyohuyo, wala yasifunguliwe kadi mpya. Ukikuta kadi mbili za mtu mmoja, ziteue zote mbili katika orodha na uziunganishe, baada ya kuhakikisha kwamba wazazi wao ni walewale. Mume mwenye wake wawili hufunguliwa familia mbili, kwa hiyo angalia kama kila mtoto yuko chini ya mama yake.

Tarehe nazo zinahitaji jicho kali. Mzee akisema kwamba familia ilihamia bara kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, amekupa mpaka ulio wazi, yaani kabla ya tarehe 12 Januari 1964, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Ukiwa uliandika 1964 tupu kwa haraka, umemsingizia asilolisema. Programu hukubali tarehe za kukadiria, za kabla, za baada na za kati ya miaka miwili, na hukubali pia kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwa Hijria katika karatasi ya ndoa iingizwe kama ilivyo.

Ukishajua mambo yaliyobaki, yagawe kwa kuangalia nani anaweza kuyajibu. Cheti kilichomo kabatini kinaweza kungoja hadi mwezi ujao, lakini shangazi mwenye umri mkubwa apigiwe simu wiki hii, na kwa ridhaa yake mazungumzo yarekodiwe na kuambatishwa kwenye kadi yake.

Kila unapomaliza kazi ya siku, andika ndani ya programu, katika kadi ya mtu uliyeishia kwake, tarehe ya leo, swali lililobaki, na jina kamili la mtu wa kuulizwa. Maneno kama “muulize shangazi” hayatakusaidia chochote baadaye ikiwa baba yako ana dada wanne. Andika kwamba dada yake mkubwa ndiye anayekumbuka jina la mama mzazi wa babu, kwamba hakuwa na nafasi ya kuzungumza, na kwamba aliomba apigiwe baada ya sala ya Alasiri.