Kabla Hujapimwa Moyo kwa CT: Mambo ya Kuzingatia

Ukiambiwa ukafanye CT ya moyo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, muulize daktari kwanza: ipi? Ziko mbili, maandalizi yake hayafanani na majibu yake hayasomwi kwa namna moja. Moja hupima kalsiamu iliyojijenga kwenye kuta za mishipa ya koronari, yaani mishipa inayoulisha damu moyo wenyewe. Hiyo haina sindano wala dawa, na huisha kwa dakika chache. Nyingine huonyesha mishipa yenyewe kwa ndani: unawekewa kanula (kijimrija cha kupitishia dawa) mkononi, unaingiziwa dawa yenye iodini, na picha inaonyesha mshipa ulipofinyika na utando wa mafuta ulipo, hata ule laini ambao bado haujashika kalsiamu.

Kipimo cha kalsiamu kinamfaa asiye na dalili lakini amekaa njia panda na daktari wake. Umri umesogea, kolesteroli imepanda kiasi, presha haijatulia: aanze statini, dawa ya kushusha kolesteroli, au asubiri? Anayepata maumivu ya kifua kila akipanda ngazi ana swali jingine, na mara nyingi kinachomfaa ni kile cha pili. Ama kifua kinachobana sasa hivi, huku jasho jembamba linakutoka na maumivu yanakwenda kwenye mkono au taya, hicho si cha kuwekea miadi ya picha. Nenda hospitali, kitengo cha dharura, saa hiyo hiyo. Aliyekwisha kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, hana haja ya hesabu ya kalsiamu, kwa sababu kwamba ana ugonjwa linajulikana tayari.

Namba utakayopewa huitwa alama ya Agatston, kwa jina la daktari Mmarekani Arthur Agatston, ambaye yeye na wenzake waliieleza mwaka 1990. Kompyuta hutafuta madoa meupe kwenye mishipa, na doa huhesabiwa likifikia ung'avu wa 130 kwenye kipimo cha Hounsfield. Eneo la kila doa huzidishwa kwa uzito wa 1 hadi 4 kulingana na lilivyong'aa, kisha yote hujumlishwa. Sifuri ina maana hakuna kalsiamu iliyoonekana. Kuanzia 1 hadi 99 ugonjwa umeanza. 100 na kuendelea, mara nyingi madaktari hushauri statini. 400 na zaidi ni mzigo mkubwa.

Hapa kwenye sifuri ndipo watu wengi wanapojidanganya. Sifuri ni habari njema kweli, na kwa mtu mwenye hatari ya wastani inaweza kutosha kuahirisha statini kwa miaka kadhaa. Lakini utando laini hauonekani kwenye kipimo hiki, na kwa mtu mwenye umri mdogo kalsiamu huenda haijapata muda wa kujijenga. Ndiyo maana mvuta sigara, mwenye kisukari, au mwenye ndugu wa karibu aliyeugua moyo mapema hapaswi kuichukua sifuri kama ruhusa ya kuacha dawa.

Kwa hiyo zungumzeni kabla ya kipimo, si baada yake: namba ikiwa hivi tutafanya nini, ikiwa vile tutafanya nini? Kama jibu lolote halitabadilisha matibabu, sioni sababu ya kupimwa. Utafiti wa Uskoti uitwao SCOT-HEART, wenye wagonjwa 4,146 wa maumivu ya kifua, unalionyesha hilo vizuri. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2018, baada ya miaka 5 vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo na mshtuko wa moyo vilikuwa asilimia 2.3 kwa kundi lililoongezewa CT ya mishipa, na asilimia 3.9 kwa lile lililopata huduma ya kawaida peke yake. Picha haimponyi mtu. Walioongezewa CT walianzishiwa dawa za kinga kwa wingi zaidi.

Kipimo cha dawa ya iodini ndicho chenye maandalizi ya kweli. Figo zako zipimwe kwanza, hasa kama una kisukari au presha. Taja kama uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aulize mapema, maana figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa muda. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Acha kahawa na vinywaji vya kuchangamsha kuanzia siku moja kabla, kwa sababu mashine hupiga picha katika ule upenyo mfupi ambao moyo umetulia kati ya pigo na pigo, na moyo ukienda mbio upenyo huo hufinyika na picha hutoka na ukungu. Ndiyo maana wengi hupewa dawa kama metoprololi ili mapigo yashuke kuelekea 60 kwa dakika. Mwenye pumu aiseme kabla hajapewa. Pia huwekwa nitrogliserini chini ya ulimi kutanua mishipa, nayo ikikutana na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili au tadalafili presha inaweza kuporomoka vibaya. Usione haya: kama umemeza dawa hizo siku mbili zilizopita, sema.

Dawa ikiingia utahisi joto likipanda mwilini, pengine hata kama umejikojolea. Hujajikojolea, na joto hupita haraka. Ukiambiwa ubane pumzi, ibane bila kutikisika. Ni sekunde chache tu, ila zijaribu nyumbani.

Kuhusu mionzi, kipimo cha kalsiamu hutumia takriban milisiverti 1, wakati mionzi ya asili hutupata kwa wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Cha pili hutumia zaidi. Mwenye ujauzito, au anayehisi huenda anao, aseme kabla hajalala kwenye kitanda cha mashine.

Ujue pia kwamba picha hukamata na sehemu ya mapafu, kwa hiyo ripoti inaweza kutaja kinundu ambacho hukukitarajia. Vingi havina madhara, ila vingine hudai picha ya marudio. Na kama tayari unameza statini, usishtuke namba ya kalsiamu ikipanda katika kipimo cha baadaye: dawa hiyo huufanya utando laini ukakamae, na utando uliokakamaa haupasuki kirahisi. Omba nakala ya ripoti nzima, pamoja na maelezo ya namba yako ikilinganishwa na watu wa umri na jinsia yako, kwa sababu 80 kwa mtu wa miaka 45 ni jambo zito kuliko 80 kwa mzee wa miaka 75.