Unyevu wa ukuta wa pamoja: jaribu kwanza kwa nailoni

Katika nyumba za ghorofa za Mji wa Kale wa Lamu, ambazo hushikana ukuta kwa ukuta, doa la unyevu huweza kuzua ugomvi na jirani kabla chanzo chake hakijajulikana. Pangusa doa likauke, bandika kipande cha nailoni angavu chenye upana wa futi moja, ziba kingo zote kwa utepe, kisha kiache kwa siku mbili. Kwa kuwa nailoni haipitishi maji, hutenganisha hewa ya chumba na ukuta: matone yakitokea upande wa chumbani, huo ni mvuke wa hewa, na kufungua madirisha huenda kukatosha; lakini yakitokea nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani, na hapo ndipo inapofaa kumwomba jirani mkague pamoja mabomba na choo cha juu. Jaribio hili halionyeshi maji yametoka nyumba ipi, kwani mawe ya matumbawe huyafyonza hata kutoka ardhini. Aidha, utepe haushiki kwenye chokaa inayomomonyoka (mimi nililazimika kuukandamiza kwa vipande vya mbao), na wakati wa masika matokeo hayaaminiki.