Kuzunguka Bull Run mwezi wa Aprili, blubeli zikiwa zimechanua

Njia ya blubeli, maua ya buluu ya msituni, katika hifadhi ya Bull Run, Centreville, Virginia, Marekani, ni kama kilomita 2.4 tu, tena tambarare. Ukitembea kwa kusimamasimama unaimaliza kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ugumu wake uko kwenye tarehe. Blubeli za Virginia, Mertensia virginica, hutoa majani, huchanua na kuweka mbegu kabla miti iliyo juu yake haijafunga kivuli. Kilele huangukia katikati ya Aprili au karibu na hapo. Joto likiwahi, nayo huwahi. Baridi ikikawia, nayo hukawia. Kufika Juni hata majani yamenyauka, na mgeni hawezi kujua kwamba palikuwa na kitu.

Kabla ya kutoka nyumbani, tafuta picha zilizopigwa wiki hiyohiyo. Vitumba huanza na rangi ya waridi, kisha hugeuka buluu jinsi asidi ndani ya ua inavyopungua. Ukiona waridi tupu, subiri siku chache. Rangi mbili zikiwa zimechanganyika, nenda kesho yake. Usingoje buluu kamili ndipo upange safari, maana mvua moja kubwa yenye upepo inatosha kuyamwaga maua chini.

Kutoka Washington shika barabara ya I-66 kwenda magharibi, toka kwenye njia ya kutokea namba 52, ingia barabara ya 29, halafu fuata vibao vya hifadhi. Wakazi wa kaunti na miji inayoiendesha hifadhi hii hawalipi kiingilio. Wengine hulipia gari getini. Jumamosi na Jumapili za Aprili fika kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo utazunguka ukitafuta pa kuegesha.

Mwanzoni mwa njia pana ubao wa ramani: upige picha kwa simu. Rangi ya buluu iliyopakwa kwenye miti ni ya njia ndefu ya Bull Run–Occoquan, inayoendelea karibu kilomita 28, nayo hupita pamoja na mzunguko huu katika sehemu ya mwanzo. Hapo ndipo watu hupotea. Ukifika kwenye daraja la kijito cha Cub Run, usilivuke. Pinda kulia ufuate kijito, maji yakiwa kushoto kwako, mpaka kinapoingia mto Bull Run, kisha fuata mto huo kuelekea kunakotoka maji, nayo njia itakurudisha ulikoanzia. Maua ni mazito zaidi kwenye bonde la mto, kwa sababu kila mafuriko huacha pale tope laini lenye rutuba.

Udongo huohuo ndio unaoteleza. Pametengenezwa vivuko vya mbao sehemu zenye maji, lakini si kote. Vaa gambuti, au viatu vya zamani na soksi za akiba zikusubiri garini. Kigari cha mtoto kitakwama. Mbebe mgongoni kwa kanga. Mvua kubwa ikiwa imenyesha siku mbili zilizopita, ahirisha, maana mto huu hupanda hadi kwenye njia yenyewe. Ukikuta dimbwi, pita katikati yake. Kila anayelikwepa anapanua njia na kukanyaga mimea, na jani lililopondwa mwezi wa Aprili haliwezi tena kulisha mzizi kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo ukitaka picha ya mtoto katikati ya maua, mwache njiani, wewe uchuchumae. Kamera ikiwa chini, maua ya mbele na ya nyuma hukutana na yeye huonekana amezungukwa. Kuchuma hakuruhusiwi.

Inama pia uyaone madogo. Claytonia virginica ana petali nyeupe zenye mistari ya waridi na hujifunga jua likijificha, hivyo asubuhi ya mawingu utadhani hayupo. Dicentra cucullaria huning'iniza maua meupe mfano wa suruali zilizoanikwa kichwa chini. Lile la manjano lenye majani ya madoadoa ni Erythronium americanum, ambalo huchukua miaka kadhaa tangu mbegu hadi ua la kwanza.

Mmea wa kuogopa ni Toxicodendron radicans: vijani vitatu kwa kila kikonyo, vinavyong'aa, vyekundu vikiwa vichanga. Hata kamba yake isiyo na jani, ile yenye manyoya iliyoparamia mti, ina mafuta yanayowasha ngozi kwa siku nyingi. Ukiigusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja.

Halafu kuna kupe. Wachanga ni wadogo kama mbegu ya mchicha, na ndio wanaoambukiza zaidi Lyme, ugonjwa wa bakteria. Chomeka suruali ndani ya soksi na upake dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Mkirudi nyumbani, kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 akiwa ameng'ang'ania ndipo aambukize, ndiyo maana ukaguzi wa jioni hiyohiyo una maana kubwa. Andika tarehe hiyo. Upele au homa ikitokea ndani ya siku 30, nenda hospitali ukaitaje.